Mama aliyeuguza wengine: wasifu wake unaandikwaje?

Wasifu mwingi wa marehemu unaosomwa msibani, chini ya turubai, hapa Uganda una mifupa ileile: alizaliwa, akasoma mpaka darasa fulani, akaajiriwa, akastaafu. Baba aliyekuwa askari au karani anaenea humo vizuri. Mama aliyemaliza miaka arobaini akilea na kuuguza anaambulia mistari mitatu, "alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu", kisha msomaji anarukia orodha ya watoto. Si kwamba hakupendwa. Kazi yake haikuacha karatasi, basi sharti mtu akaiulizie kwa watu.

Anzeni usiku wa kwanza wa mkesha, mwandishi mmoja na daftari moja. Ulizeni dada yake au yeyote aliyekua naye, jirani wa ukuta mmoja, mgane, na mtu mmoja aliyeuguzwa naye akapona. Huyu wa mwisho husahauliwa, naye ndiye mwenye habari. Mgane mvuteni pembeni, mbali na wazee, na msimuulize "alikuwa mtu wa namna gani?" maana atawajibu kama kadi ya rambirambi. Muulizeni aliamka saa ngapi, akaanza na nini, na nani alipakuliwa kwanza.

Tarehe ya kuzaliwa huleta ugomvi. Kitambulisho cha taifa kikionyesha 1 Januari, huenda mwaka ulikisiwa tu. Cheti cha ubatizo, kikipatikana, ni bora. Kama hakuna, tumieni matukio: tetemeko la Toro la Machi 1966, Waasia kufukuzwa 1972, vita vya 1979, shilingi kukatwa sifuri mbili 1987. Swali linalofungua midomo ya wazee ni hili: "Pesa zilipobadilishwa, alikuwa ananyonyesha nani?" Mkishakubaliana, andikeni "takriban 1948" na mwaka huohuo uende kwenye msalaba, kwenye programu na kwenye tangazo la redio. Miaka mitatu tofauti kwa marehemu mmoja ni jambo la kawaida mno kwetu, na hakuna asiyeliona.

Majina nayo: wekeni ukoo aliozaliwa, si wa mume peke yake. Aliyezaa mapacha Buganda aitwe Nalongo. Akiwa wa Toro au Bunyoro, empaako yake, yaani jina la heshima la kusalimiwa, Abwoli au Akiiki au Amooti, itangulie mapema. Ndiyo aliyosalimiwa nayo kila siku, na wasifu usioitaja unasikika kama unamsema mgeni.

Sasa uuguzaji wenyewe. Hapa andikeni vitenzi na hesabu, sifa ziacheni. Katika wodi zetu muuguzi hutoa dawa, lakini kuosha, kulisha, kufua shuka na kumwaga beseni ni kazi ya ndugu anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, na chupa ya chai na jerikeni ya maji. Alilala hapo majuma mangapi? Nani alibaki na watoto nyumbani? Mgonjwa wa kiharusi asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, la sivyo ngozi ya kiuno, matako na visigino inaanza kuoza. Hizo ni mara kumi na mbili kwa kutwa na kucha. Mkishahakikisha kwamba ndivyo alivyofanya, sentensi moja yatosha: "Kwa miaka sita alimgeuza mama mkwe wake kila baada ya saa mbili, na bibi huyo alizikwa bila kidonda mgongoni." Turubai zima litanyamaza. Waliowahi kuuguza wanajua maana yake.

Kama mgonjwa alikuwa na saratani, ulizeni nani alishika saa. Hospice Africa Uganda, shirika linalotunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ilianza 1993, na mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ikaanza kuwafikia wagonjwa nyumbani. Hunywewa kila baada ya saa nne, kwa kawaida na kipimo maradufu wakati wa kulala ili mgonjwa apitishe usiku, tena pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Daktari aliandika, mama ndiye aliyepima, akakumbuka, akaficha chupa watoto wasiifikie.

Familia nyingi zina sura nyingine, ya miaka ya themanini na tisini, kabla dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazijawafikia wengi kuanzia 2004 hivi. Akina mama waliuguza kaka na dada zao mpaka mwisho, kisha wakabaki na mayatima. Litajeni, lakini ugonjwa msiutaje wala wagonjwa kwa majina: watoto wao wamekaa palepale kwenye viti vya plastiki. "Aliwauguza ndugu wanne, akalea watoto wao kumi na mmoja" inatosha kabisa. Waliokuwepo watajaza wenyewe.

Orodha ya watoto hupasua nyumba kuliko kitu chochote. Wawekwe wote: waliotangulia, wa kambo, wa kulea. Mgane na mtoto mkubwa waisome kabla haijachapwa, wala msikubali "tutarekebisha kwa mdomo". Madeni hayaingii humu. Msemaji wa familia ana nafasi yake ya kutangaza anayedai na anayedaiwa.

Urefu: dakika tano, yaani maneno mia tano hivi, kurasa mbili za A4 kwa herufi za ukubwa wa 16. Mazishi ya Kasese au Hoima, ambako wageni wa ng'ambo ya mpaka wanasikia Kiswahili na wazee wanasikia Kikonzo au Kinyoro, mkalimani atakula nusu ya muda, kwa hiyo kateni mpaka maneno mia mbili na hamsini. Kwa Waislamu maziko hayangoji. Semeni mawili matatu na wasifu kamili uwekeni kwa ajili ya dua. Someni kwenye karatasi. Simu juani haionekani, na mtu atapiga katikati ya sentensi. Msomaji wa akiba asimame karibu na nakala yake mkononi, ajue mapema kwamba akiguswa bega anaendelea pale mwenzake alipokwama, bila kurudia mwanzo.

Nakala moja itunzwe pamoja na kitambulisho chake kwa ajili ya siku ya kumaliza msiba, nyingine apewe fundi atakayejengea kaburi, jina na miaka vikiwa vimeandikwa kwa herufi kubwa.