Usiulize bei ya tripu

"Tripu ya mchanga shilingi ngapi?" Anayeanza hivyo kwenye simu ameshapunjwa kabla lori halijawashwa. Tripu si kipimo. Fuso mbili zilizoegeshwa bega kwa bega kijiweni zinaweza kupishana mita nzima ya ujazo: moja imeongezewa mbao pembeni, nyingine sakafu yake imeinuliwa kimyakimya. Uliza bodi, yaani lile sanduku la nyuma la kubebea mzigo, linabeba mita ngapi za ujazo, na mita moja ni bei gani mpaka saiti.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Panda na tepu, chukua urefu, upana na kina kwa ndani, zidisha. Bodi la mita 3.6 kwa 2 kwa 0.6 linabeba mita za ujazo 4.32. Mchanga mkavu una uzito wa kama tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mzigo huo unakaribia tani 7. Dereva wa gari la tani saba akikwambia amekuletea "mita kumi", mcheke tu.

Lori likifika, lisimwage kwanza. Mwambie utingo asawazishe mzigo kwa beleshi, maana kile kichuguu cha katikati kinaficha pembe tupu. Kisha chomeka kipande cha nondo wima mpaka kigonge sakafu, sehemu tatu au nne, ukiweka alama ya kidole pale mzigo unapoishia. Hapo unapata kina cha kweli, na kama sakafu imeinuliwa nondo itakuambia. Malipo yafuate baada ya hapo. Mzigo ukishamwagwa chini, kubishana na dereva ni kupoteza muda.

Sasa unahitaji kiasi gani? Chukua jamvi, ile sakafu ya zege ya nyumba, la mita 10 kwa 8, unene sentimita 10. Zege lake ni mita za ujazo 8. Lakini saruji, mchanga na kokoto vikichanganywa na maji vinashikana na kushuka, kwa hiyo vikavu vyake zidisha kwa 1.54: unapata 12.3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, gawa kwa 7. Saruji inatoka kama mifuko 51 ya kilo 50, mchanga mita 3.5, kokoto mita 7. Ongeza sehemu moja ya kumi ya kumwagika na kuzama ardhini: mchanga 3.9, kokoto 7.7. Kwa bodi lile la 4.32, hiyo ni tripu moja ya mchanga na mbili za kokoto, chenji ikibaki kidogo.

Ila kuna mtego kwenye mchanga. Ukiwa na unyevu kidogo, kama ule uliochimbwa asubuhi, chembe zake hazikai pamoja, maji yanazitenganisha, na mchanga unavimba. Unaweza kuvimba robo nzima. Yale 4.32 uliyopima kwa uangalifu wote yanakuwa takriban 3.5 ukikauka, na jamvi linakuishia kwenye chumba cha mwisho. Jaribu kwa ndoo yenye pande zilizonyooka: jaza mchanga mpaka sentimita 30, mwagia maji mpaka yafurike, koroga, uache utulie. Ukishuka hadi 24, moja ya tano ya ulicholipia ni hewa. Punguza bei au ongeza mzigo, lakini jua.

Usafi wake nao unapimwa kwa chupa. Mchanga nusu chupa, maji karibu yajae, kijiko cha chumvi, tikisa sana, acha saa tatu. Juu ya mchanga litakaa tabaka la tope. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, usiutumie kwa zege wala lipu. Lipu itapasuka nyufa za utando wa buibui. Mchanga wa bahari, huku pwani unauzwa kwa bei ya kutamanisha, unajulikana kwa ulimi na kwa vipande vya simbi. Chumvi yake inakula nondo ndani ya zege, na ukutani inatoka kama unga mweupe unaobandua rangi.

Kokoto: jamvi na zege lenye nondo vinataka robo tatu inchi. Kwa Dar es Salaam kuna tofauti kubwa kati ya zile za jiwe gumu la Lugoba na zile za jiwe la matumbawe la upande wa Kunduchi, ambazo ni nyepesi na zinanywa maji ya zege. Gonga mbili pamoja. Ngumu inalia, dhaifu inatoa unga kama chaki. Ingiza mkono kwenye lundo pia: ukitoka umepakwa vumbi, zioshe kwa maji kabla ya kuchanganya, la sivyo saruji inashika vumbi na si jiwe.

Moramu ya maegesho, ule udongo mwekundu wenye changarawe, inapungua kama robo ikishindiliwa. Eneo la mita 5 kwa 6, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa, linahitaji mita 6 za lori, si 4.5. Bonyeza moramu kiganjani: ikifanya donge bila kulowesha mkono, unyevu unatosha. Kavu kabisa haishikani hata ukiishindilia mpaka jioni. Na kama chini kuna mfinyanzi mweusi, uchimbe uutoe kwanza, maana unavimba masika na kupasuka kiangazi, moramu yako inafuata mkumbo.

Kifusi cha kujaza ndani ya msingi ndicho watu wanachopokea bila kutazama. Kikiwa na mizizi, magome na vipande vya mbao, vitaoza, jamvi litabaki limening'inia, na vile vipande vya mbao vinaita mchwa. Jaza sentimita 15, mwagia maji, shindilia, ndipo uweke tabaka jingine.

Udongo wa bustani usichanganye na hiki kifusi. Ukoka unataka sentimita 15 za udongo wenye mboji.

Kabla ya kumpa dereva maelekezo ya njia, amua atamwaga wapi. Si juu ya mfuniko wa karo. Tairi la nyuma likiupanda, unavunjika. Si kwa kuegemeza ukuta wa fensi, mchanga uliolowa unausukuma. Mchanga na kokoto vikae mbali kimoja na kingine, kila kimoja juu ya turubai lake, na mchanga ufunikwe usiku: mvua moja ya masika inaupeleka mtaroni. Agiza kokoto kwanza, zenyewe hazisombwi kirahisi, na mchanga uje siku moja kabla ya kumwaga zege.