Majiko ya Uani

Leo nimeanza kazi ya kudodosa kaya huku Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya mpango wa kuboresha makazi. Utaratibu ni mwepesi kuueleza: nyumba ya kwanza huchaguliwa kwa bahati nasibu, kisha unabisha hodi kila nyumba ya kumi.

Nyumba yangu ya tatu ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na mlango mmoja wa mbele. Nilikuwa nimeshaandika "kaya moja" (jua la saa saba nalo lilichangia).

Bibi aliyekuwa akisuka ukili barazani aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, unahesabu milango au vyungu?"

Akanipeleka uani. Majiko manne ya mkaa yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, kila moja na sufuria yake. La tano, dogo, lilikuwa na majivu ya baridi. Ni la kijana mpangaji ambaye, mwezi ukiwa mgumu, hula kwa mwenye nyumba.

Kwa kuwa kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, nilifuta ile moja nikaandika nne, kisha nikasita. Maana dodoso halina nafasi ya mtu ambaye wiki mbili ni kaya na wiki mbili ni mgeni wa chakula, ilhali idadi hiyo ndiyo itakayotumika kukadiria mahitaji ya maji na vyoo.

Wenzangu mliowahi kudodosa, kijana huyu mngemwandika wapi?