Nafasi Moja Gas Street

Jana binti yangu kaibuka kutoka stoo na kile chuma kilichopinda. "Baba, hii ni ya nini?" Nikamwambia ni mkono wa kufungulia maji kwenye loki, yale malango ya mfereji yanayopandisha na kushusha boti. "Ulinunua?" Nikajifanya napigiwa simu.

Ni ya safari ile ya mifereji ya Uingereza, kutoka Stoke Prior hadi Birmingham, mimi, mama watoto na shemeji. Boti la chuma la mita 18, upana mita mbili na ushei, yaani uchochoro wa Lamu uliotiwa injini. Loki 30 za Tardebigge zilitumaliza siku nzima. Handaki la Wast Hills, karibu kilomita mbili na nusu za giza, lilimnyamazisha shemeji. Hilo peke yake lilifidia kodi tuliyolipa. Nami nyuma nimeshika kana ya usukani, najisifu. Mzaliwa wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kule Lamu, afundishwe chombo? Kijana aliyetukabidhi boti alipoanza kueleza kwamba ukisukuma kana kushoto boti linakwenda kulia, nilimkatiza: "Najua." Na kweli nilijua. Alilotaka kuongeza sikumpa nafasi ya kulisema.

Birmingham tuliingia Jumamosi jioni. Gas Street Basin, bwawa la kuegesha boti katikati ya mji, imefurika boti, mikahawa imejaa watu hadi ukingoni mwa maji. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye ule ukuta wa Worcester Bar. (Kampuni mbili za mifereji zilinyimana maji, zikaacha ukuta wenye upana wa kama mita mbili katikati. Mizigo ikawa inavushwa kwa mikono mpaka loki ilipofunguliwa, 1815. Ndugu wa mirathi, hao.)

Nikaipita nafasi. Kidogo tu. Nikatia gia ya nyuma.

Kana kushoto: kimya. Kana kulia: kimya. Jahazi la mjomba halina gia ya nyuma. Ukilipita gati unazunguka, unaanza upya. Nani angeniambia kwamba ukirudi nyuma, maji ya rafadha hayapigi tena usukani, unabaki umeshika mti tu? Upepo ukalichukua omo, pua ya boti, taratibu, taratibu mno, kila mtu apate kuona, hadi boti likalala kimshazari katikati ya bwawa. Kelele za vijiko zikakatika. Simu zikainuliwa. Mzee mmoja akatoka kwenye boti lake na kikombe cha chai mkononi, akaondoa chungu chake cha maua juu ya paa, akarudi ndani bila neno. Nilitamani anitukane.

Shemeji, mtu wa Dodoma, aliyeiona bahari akiwa na miaka thelathini, akapanda juu akachukua upondo. Akautia majini, akaegemea. Omo likarudi. Akaegemea tena, tukagusa ukuta kama tumebusu. Watu wakampigia makofi. Mimi nilifunga kamba kwa fundo zuri sana, ambalo hakuna aliyeliangalia.

Usiku nikampigia mjomba. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja:

"Maji yenyewe yana kina gani?"

"Nadhani hayafiki kifuani."

Kimya kirefu. Nilidhani mtandao umekatika.

"Sasa mbona hukushuka ukalisukuma?"

Hilo sijampa jibu mpaka leo. Chuma nimekirudisha stoo, safari hii nyuma ya gunia la mchele.