Siku moja maishani mwangu: kulinda ziwa la kapi huku Uingereza

Watu wa nyumbani huniuliza kila mara kwani kazi yako ni gani hasa, nikisema nalinda samaki wanauliza samaki wanaibiwa na nani. Sasa leo naandika siku moja yote vile ilivyokuwa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano. Mimi ni wa Naivasha, nimelelewa Karagita, mjomba wangu ni mvuvi wa mashua hadi leo, na huku niko kusini mwa Uingereza kwa ziwa la mtu binafsi, dogo tu, ukizunguka kwa miguu bila haraka ni nusu saa. Watu wanalipa kuja kuvua kapi, yule samaki anaitwa carp kwa Kiingereza, halafu wanawarudisha majini wakiwa hai. Wote, hakuna hata mmoja anayeenda jikoni.

Saa kumi na nusu alfajiri

Mwezi wa tano jua huku linatoka karibu saa kumi na moja, kwa hivyo natoka giza likianza kulegea tu. Kitu cha kwanza naangalia maji, watu baadaye. Nazunguka pole pole bila tochi, sikanyagi changarawe kwa nguvu maana mtetemo wa mguu unamfikia kapi kabla wewe hujafika ukingoni. Natafuta mapovu madogo madogo yanayopanda kama soda iliyofunguliwa, hapo chini kuna kapi anachimbua matope. Natafuta matete yanayotikisika na upepo haupo. Natafuta mgongo, natafuta maji yaliyochafuka mahali pamoja tu.

Usiku kucha ulikuwa umevuma upepo wa kusini magharibi, ule wa joto, unasukuma kila kitu hadi kona ya mbali kule penye mti wa mlilia maji, na nilijua watakuwa huko, na walikuwa huko, niliona watatu wakiruka ndani ya dakika kumi. Watu watano walikuwa wamelala kwa tenti zao, wanne kati yao upande wa parking kwa sababu mizigo ni mizito na parking iko karibu. Hii kitu inaniuma kila wiki. Mtu ananunua fimbo za kuvulia za futi 12, rili za kukunjia mshipi za bei ya pikipiki, alamu za kulia samaki akigusa, halafu anakaa mahali ambapo samaki hayupo. Mimi ukiniuliza mbinu moja tu ya kuvua kapi nitakwambia acha vifaa kwa gari, zunguka ziwa mara mbili ukiwa mikono mitupu, ukimwona ndo urudi uchukue mizigo.

Nikatumbukiza kipimajoto, digrii 17, nikaandika kwa daftari. Hiyo namba muishike.

Saa kumi na mbili

Geti. Hapa ndo kazi ya karatasi, naangalia leseni ya serikali, kuanzia miaka 13 lazima uwe nayo hata kama ziwa ni la mtu binafsi, na ukipatikana bila, faini inaweza kufika pauni 2,500. Halafu nyavu zote za kutolea samaki na mikeka yote ya kumlazia samaki inaingia kwa tangi la dawa kabla haijafika majini. Wengine wanalalamika ati nyavu zao ni safi. Kuna virusi vya kapi vinaitwa KHV, maji yakishapita digrii 16 vinaamka, na vikiingia vinaweza kuua karibu ziwa lote, na wavu uliolowa ziwa lingine jana ni njia moja ya kuvileta. Kuna kapi hapa wako na miaka zaidi ya thelathini. Siwezi kubahatisha.

Leo akaja baba mmoja na kijana wake wa kama miaka kumi, mara yao ya kwanza kabisa. Nikafungua ndoo yao ya chambo nikakuta tiger nuts kavu, vile viazi vidogo vya jamii moja na ndago inayotusumbua shambani kwetu. Kapi anavipenda mno. Lakini vikavu havifai hata kimoja kuingia majini, lazima vilowekwe siku nzima halafu vichemshwe kama nusu saa au zaidi, la sivyo vinafura ndani ya samaki, na kapi hana tumbo la kusagia kama letu, ana utumbo mrefu tu, kusaga anasagia na meno yaliyo kooni. Mahindi makavu na mbegu za bangi zile za ndege ni hivyo hivyo, loweka, chemsha. Na karanga hapa tumepiga marufuku kabisa kwa sababu ya aflatoksini, hilo neno halihitaji kufafanuliwa kwa Mkenya, sumu ile ile inayofanya mahindi yetu yatupwe. Nikachukua ndoo ya tiger nuts nikamwambia utaichukua ukitoka, nikampa mahindi ya mkebe, yale matamu, na boili nusu kilo. Boili ni tufe dogo, unakanda unga na mayai, unatia ladha unayotaka, samaki, viungo, matunda, halafu unachemsha hadi ngozi ya nje inakuwa ngumu ili samaki wadogo wasiimalize. Ukiwa umekula kaimati unajua umbo lake.

Saa mbili asubuhi

Niliwapeleka hao wawili kwa ile kona ya upepo, pegi ya kumi na moja (pegi ni sehemu ya ukingo yenye namba, ya mvuvi mmoja kukaa), nikakaa nao kama saa nzima kwa sababu kijana alikuwa anauliza maswali mazuri. Akauliza mbona chambo hakiko kwa ndoano. Na kweli hakiko, kimening'inia chini yake kwa kauzi kembamba, tunaita unywele. Hii walivumbua Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walikuwa wanaangalia kapi kwa tangi la vioo wakaona samaki anavuta chambo mdomoni, akisikia chuma anatema, yote kufumba na kufumbua. Wakajaribu na unywele wa mtu, wa kweli kabisa, chambo kikaelea huru, samaki akafyonza bila wasiwasi, ndoano ikamfuata nyuma. Kutoka hapo uvuvi wa kapi haukurudi tena vile ulivyokuwa.

Nikamwonyesha na chubwi, ile risasi nzito ya gramu 80 hivi, samaki akigeuka kutoroka uzito wa chubwi ndo unazamisha ndoano, wewe unakuta tayari ameshajishika. Lakini chubwi lazima ikae kwa klipu inayoachia. Mshipi ukikatika na chubwi imefungwa kabisa, samaki anabaki akiburuta risasi kwa magugu hadi anakufa, na mimi ndo nitamkuta wiki ijayo akielea. Ndoano ni zisizo na kijino, kile cha kuizuia isichomoke, saizi namba 6 au 8. Naangalia kila rigi, yaani ndoano na vyote vilivyofungwa nayo, kwa kidole, napitisha ndoano kwa kitambaa, ikinasa wakati wa kutoka inabadilishwa.

Baba yake akataka kurusha katikati ya ziwa kama wale anaowaona kwa video. Nikamwambia samaki wako mita nne kutoka hapo ulipo, chini ya mti. Tukashusha chambo taratibu na mahindi kiganja kimoja, mshipi tukaulegeza ulale chini kwenye matope, tukarudi nyuma tukakaa kwa nyasi.

Saa tatu na nusu

Ukaja ugomvi. Jamaa wa pegi ya tisa aliamka, akaona samaki wanaruka kwa kona, akarusha chubwi yake moja kwa moja mbele ya yule mtoto. Hii ndo adabu namba moja ya ukingoni kote huku: maji yaliyo mbele ya pegi yako ni yako, ya jirani ni ya jirani, na ukifika unamsalimia, unamuuliza mishipi yako iko wapi ndugu, unakubaliana naye kabla hujafungua begi. Nikamwendea nikaongea kwa sauti ya chini, kupiga kelele ziwani pia ni makosa. Alivuta mshipi wake akatoa, alinuna lakini akatoa.

Adabu zingine ni za kawaida tu, alamu usiiweke sauti ya kuamsha kijiji, tochi usimulike maji usiku, usiache fimbo ziko majini ukaenda dukani, na jirani akishika samaki mkubwa unaenda kumsaidia kushika wavu. Hiyo ya mwisho naipenda sana.

Saa nne na dakika kumi

Alamu ya mtoto ikalia bila kukoma, rili inazunguka. Sitasimulia yote, ilichukua dakika kama kumi na mbili, baba ameshika kiuno cha mtoto, mimi niko na wavu chini ya maji nasubiri, wavu hautembei kumfuata samaki, samaki analetwa juu ya wavu. Na unajua nani alitoka pegi ya tisa akaja kumwaga maji kwa mkeka? Yule yule. Alikuja na ndoo yake bila kuitwa.

Kapi wa magamba yote, rangi ya shaba, masharubu manne mdomoni, kilo 11 na kidogo. Hapa ndo niko mkali. Mkeka uloweshwe kwanza, mikono iloweshwe, kwa sababu mkono mkavu unatoa ule ute unaomlinda na magonjwa. Hakuna kusimama na samaki, unapiga magoti, unamwinua sentimita chache juu ya mkeka ili akiruka asianguke mbali. Ndoano inatolewa, kidonda cha mdomo kinapakwa dawa, picha mbili, maji yanamwagwa juu yake muda wote. Mtoto alimrudisha yeye mwenyewe, akashika mkia hadi samaki akajitoa kwa nguvu zake, halafu akabaki anaangalia maji na hakusema kitu.

Saa saba mchana

Jua kali, kwa kipimo cha huku. Digrii 19 kwa maji ya kina kifupi. Nikasikia kabla sijaona, kishindo kwa matete upande wa kaskazini, kama mtu anafua mablanketi. Jike moja kubwa, madume manne au matano yanamsukuma kwa ubavu hadi migongo iko nje ya maji. Walikuwa wameanza kutaga. Jike la kapi linaweza kutaga mayai laki kadhaa, wale wakubwa hata zaidi ya milioni, yanagandia kwa magugu na mizizi.

Simu kwa mwenye ziwa, akasema fanya unavyoona. Nikazunguka pegi zote: mishipi nje, tumefunga hadi wamalize.

Wengi walielewa. Mmoja alikuwa amelipia siku mbili, amesafiri saa tatu, akaniambia maneno sitayaandika. Nilimwambia utarudi siku yoyote bila kulipa, lakini samaki aliyechoka hivi ukimvuta na ndoano unaweza kumuua, na yeye hayuko kwa chakula saa hizi. Mito huku inafungwa na sheria kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni kwa ajili ya hii hii, maziwa mengi ni mwenyewe anaamua. Aliondoka akifunga mlango wa gari kwa nguvu. Naelewa uchungu wa pesa, mimi pia ni mtu wa kuhesabu, ila singebadilisha.

Saa kumi jioni

Kuokota. Vipande vya mshipi ndo vibaya zaidi, bata anajifunga miguu, kila kipande nakikata vifupi vifupi nikitie kwa chupa. Leo chupa robo.

Saa moja jioni

Nikampigia mjomba, kwao ni saa tatu usiku. Nilimwambia tumefunga ziwa kapi wanataga, akacheka, halafu akanyamaza. Kapi Naivasha hakuwepo nikizaliwa, alianza kuonekana kwa nyavu mwaka 2001 hivi, na miaka kumi haikuisha akawa ndiye samaki anayejaza mashua. Wazee walimlaumu, anachimba chini anachafua maji, na ana miiba mingi, lakini ndo alilipa karo yangu. Mjomba akasema, "Kijana wangu, hapa ziwa likifungwa miezi ya kuzaa tunalia njaa, halafu likifunguliwa tunashukuru. Kuna wanaoingia usiku na nyavu za matundu madogo wanatoa wale wachanga, hao ndo wanatumaliza." Akaniuliza na nyinyi mnawalinda wakubwa wa nini kama hamli. Nikamwambia yule wa leo, mtoto wa miaka kumi amemshika, na akiwa na ishirini anaweza kumshika tena, atamjua kwa gamba moja lililopinda karibu na mkia. Akasema hiyo ameielewa. Akaniambia nikija Disemba nimletee zile ndoano zisizo na kijino azione.

Saa nne usiku

Mzunguko wa mwisho. Ziwa halina mtu, kimya, ila kishindo bado kwa matete. Tochi niliwasha mara moja tu, kwa mkono, mwanga umefunikwa na vidole, kwa mizizi ya ule mti wa pegi ya kumi na moja. Mayai kila mahali, madogo kama punje za wimbi, rangi ya asali. Nikazima. Daftari: digrii 18, wanaendelea, geti libaki limefungwa kesho.