Mafuta ya parachichi: ziara ya kiwandani Njombe na somo la kuonja

Katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini mafuta ya kula ni ya alizeti, na tunayachagua kwa bei na kwa rangi inayoonekana kupitia dumu. Parachichi kwetu limekuwa tunda la kulia ugali na maharage, la kupaka kwenye mkate wa watoto na la kumgawia jirani linapozidi mtini. Kwamba tunda hilo hilo hukamuliwa mafuta yanayopewa daraja kwa pua na ulimi, kama wafanyavyo watu wa Italia, Hispania na Ugiriki kwa mafuta ya zeituni, ni jambo nililolisikia bila kulitilia maanani, mpaka kikundi chetu cha akina mama wa Iringa kilipokaribishwa kutembelea kiwanda kidogo nje ya mji wa Njombe. Naandika kwa kirefu kwa sababu niliyojifunza pale yanamhusu mwenye shamba na mwenye jiko kwa pamoja: ubora wa mafuta haya huamuliwa shambani, kabla mashine haijawashwa, na anayejua kuonja anaweza kuutambua bila kutegemea maneno ya kwenye chupa.

Aina inayokamuliwa hapo ni Hass, ile yenye ganda la vipele ambalo hubadilika kutoka kijani na kuwa zambarau inayokaribia weusi tunda linapoiva. Kila mti wa Hass duniani, pamoja na ile iliyojaa sasa kwenye vilima vya Njombe, Mufindi na Rungwe, asili yake ni mti mmoja ulioota California katika shamba la Rudolph Hass, msambaza barua aliyeupatia hataza, yaani hati ya kulinda ugunduzi, mwaka 1935. Ukipanda kokwa la Hass hupati Hass, na ndiyo maana wakulima wetu hununua miche iliyobebeshwa. Soko la nje linalitaka tunda hili likiwa zima na bichi, na tangu Tanzania na China ziliposaini makubaliano ya mwaka 2022 ya kuruhusu parachichi zetu kuingia huko, shauku ya kupanda imezidi. Hata hivyo mnunuzi wa nje hutazama ganda kabla ya nyama. Tunda lililokwaruzwa na tawi wakati wa upepo, lililobabuliwa na jua upande mmoja, au lililo dogo kuliko kipimo hukataliwa, ingawa ndani yake ni zuri sawa na lile lililokubaliwa. Matunda ya namna hiyo ndiyo yanayoletwa kukamuliwa.

Wapo wanaodhani kiwanda cha mafuta ni mahali pa kupeleka matunda yaliyooza. Dhana hiyo ilivunjika kwenye banda la mapokezi. Binti aliyetuongoza, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alitueleza kwamba tunda la Hass haliivi likiwa mtini. Huanza kulainika siku kadhaa baada ya kuchumwa, kwa hiyo kulitazama tu hakutoshi kujua kama limekomaa. Kinachopimwa ni kiasi cha kitu kikavu ndani ya nyama, kwa kuwa kadiri mafuta yanavyoongezeka tundani ndivyo maji yanavyopungua. Alikwangua nyama ikawa vipande vyembamba, akaipima kwenye mizani ndogo, akaikausha kwenye maikrowevu kidogo kidogo mpaka uzito ulipoacha kupungua, kisha akagawanya uzito wa mwisho kwa uzito wa mwanzo. California hutaka Hass iwe na angalau asilimia 20.8 ya kitu kikavu, na Australia hutaka asilimia 23. Tunda la kwanza lilifika 27. La pili, kutoka kwenye mzigo uliovunwa mapema ili kuwahi bei, halikufika hata 20, na mzigo ule wote ukawekwa kando.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kupimiwa kreti zake alimwuliza, "Mwanangu, sasa mimi nisiye na maikrowevu nitajuaje?"

"Baba, chuma matunda machache kutoka pande mbalimbali za mti, uyaweke ndani mpaka yalainike," alimjibu kwa adabu. "Yakisinyaa karibu na kikonyo, mti bado, subiri. Na ukilipasua, tazama utando unaofunika kokwa. Ukiwa mweupe na mnene, tunda ni changa. Ukiwa mkavu na wa kahawia, limekomaa."

Ningependa maneno hayo yabandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji inayozungukwa na parachichi, kwa sababu tunda changa haliponyeki. Litalainika, lakini litakuwa na mikunjo na ladha ya maji, na mafuta yake yatakuwa haba. Madalali wanaopita shambani wakihimiza watu wavune upesi hawabaki kuona matokeo hayo.

Matunda yaliyofaulu hupumzishwa kwenye chumba chenye hewa mpaka yalainike, na hapo wanawake wawili hupitia kreti moja moja wakiyabonyeza kwa kiganja. Gumu hurudishwa, kwa maana chembe za nyama yake bado hazijalegea na haziachii mafuta. Lililolainika kupita kiasi, au lililopasuka likaanza kuchacha, hutengwa, kwa sababu ndani yake mafuta yameshaanza kuvunjika na asidi imepanda. Kazi hii haina mashine, na niliwatazama wale wanawake kwa heshima kubwa, kwani kosa la kiganja chao halirekebishwi na mtambo wowote unaofuata.

Mitambo yenyewe ilikuwa na kelele na tuliipitia haraka kuliko nilivyotaka. Matunda huoshwa, hutolewa kokwa na sehemu kubwa ya maganda, kisha husagwa kuwa rojo. Kiasi kidogo cha ganda huachwa makusudi kwa kuwa ndicho kinachoyapa mafuta ukijani uliokolea. Sehemu iliyonivutia zaidi ni pipa refu la chuma kisichoshika kutu, ambamo rojo hukorogwa polepole kwa muda wa saa moja hivi, huku maji ya moto yakizunguka nje ya kuta zake. Lengo ni kuvifanya vitone vidogo vya mafuta vikutane na kuwa vikubwa vya kutosha kujitenga na maji. Mitambo ya namna hii ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya zeituni, na Ulaya mafuta ya zeituni yanayoandikwa kuwa yamekamuliwa kwa baridi hayaruhusiwi kupita nyuzi joto 27. Parachichi ni sugu zaidi. Rojo lake hupashwa hadi kati ya nyuzi 45 na 50, kwa kuwa mafuta yamejificha ndani ya chembe na yameshikamana na maji kwa nguvu. Likitoka hapo huingia kwenye mtambo unaozunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, ambao hutenganisha machicha, maji na mafuta kwa uzito wao, bila kubana kwa skrubu kama tunavyoona alizeti ikibanwa mpaka mashudu yatoke makavu. Mwongozaji alituambia kwamba kilo 100 za matunda zikitoa kilo 10 za mafuta au zaidi kidogo, siku hiyo wamefanya kazi nzuri. Nilipouona ule mkondo mwembamba wa kijani ukishuka kwenye tangi nilielewa kwa nini bei yake ni mara kadhaa ya bei ya alizeti.

Swali la machicha liliulizwa na mwenzetu mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa, kama wafanyavyo watu wengi wa Njombe. Alitaka kujua kama anaweza kununua mabaki kwa ajili ya ng'ombe wake, jinsi tunavyonunua mashudu. Jibu lilikuwa hapana, na sababu yake inafaa ijulikane na kila mfugaji: majani, maganda na kokwa za parachichi vina kemikali iitwayo persini, ambayo inaweza kudhuru kiwele cha mnyama anayenyonyesha na kupunguza maziwa, na mbuzi nao huathirika. Pale kiwandani machicha yenye maganda hulundikwa kuwa mboji, nayo hurudi mashambani.

Kisha tukakalishwa kuonja. Waonjaji wa zeituni hutumia glasi ndogo za buluu iliyokolea ili rangi ya mafuta isiwahadae, kwa sababu mafuta ya kijani si lazima yawe bora kuliko ya dhahabu. Sisi tulipewa vikombe vya udongo vyenye vifuniko, na vilitosha. Unakishika kikombe kwenye kiganja kimoja, unakifunika kwa kingine mpaka mafuta yapate joto la mkono, unafunua na kunusa kabla harufu haijapotea, kisha unavuta kiasi kidogo mdomoni pamoja na hewa ili yaenee ulimi wote. Mara ya kwanza sote tulisita kunywa mafuta matupu. Mwongozaji hakutuharakisha.

Kikombe cha kwanza kilikuwa na mafuta yaliyokamuliwa wiki hiyo. Harufu yake ilikuwa ya majani mabichi yaliyokatwa, na nyuma yake uyoga mbichi, ule unaookotwa misituni mvua zinapoanza. Mdomoni yalikuwa mazito na laini, yakiacha ladha ya siagi isiyo na chumvi. Cha pili kilikuwa na mafuta ya tangi lile lile, ila yalikuwa yameachwa dirishani kwenye chupa nyeupe kwa miezi kadhaa. Ukijani ulikuwa umefifia, na harufu ilikuwa ya karanga za zamani na rangi ya kupakia mbao. Tulielezwa kwamba klorofili, rangi ya kijani ya mimea, ile ile inayoyapendezesha, huyaharakisha kuharibika yakikutana na mwanga, na kwa sababu hiyo mafuta mazuri ya parachichi hutiwa kwenye chupa nyeusi au ya kijani kibichi. Cha tatu kilitoka kwenye matunda yaliyolainika kupita kiasi, yaliyokamuliwa makusudi kwa ajili ya mafunzo. Nilikinusa na kukirudisha chini. Kilinuka pombe iliyolala.

Cha nne kilikuwa cha zeituni, ili tulinganishe. Yalikuwa na uchungu kidogo ulimini, na yalipofika kooni yaliwasha kiasi kwamba mwenzangu alikohoa.

"Mama, usidhani yameharibika," binti alimwambia. "Huo muwasho ndio dalili kwamba ni mabichi na ni mazuri."

Unatokana na oleokanthali, kitu kilichomo kwenye zeituni yenyewe, na waonjaji wa huko huuhesabu kuwa sifa pamoja na uchungu na harufu ya tunda. Parachichi haliwashi. Anayelipima kwa kipimo cha zeituni ataliona limepoa, na nadhani hilo litakuwa kosa, kwa kuwa utamu wake uko kwenye ulaini na harufu ya majani, vitu ambavyo zeituni haina kwa namna hiyo. Mafuta yote mawili yana asidi ya oleiki, aina moja ya asidi ya mafuta, kwa wingi, ndiyo maana hutajwa pamoja, lakini mdomoni ni mafuta mawili tofauti kabisa.

Sikubaliani na wanaosema kwamba kuonja namna hii ni anasa ya Wazungu. Mzee wa Iringa anayejua ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hutofautisha mtogwa, ulio mchanga na mtamu, na mkangafu, uliokolea na kuwa mkali, kabla mbeta, chombo chake cha mwanzi, haijafika mdomoni, na hakuna aliyempeleka darasani. Uwezo huo tunao. Tunachokosa ni mazoea ya kuutumia kwenye mafuta, na kuukosa kuna gharama. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza sampuli 22 za mafuta ya parachichi yaliyouzwa Marekani, wakakuta asilimia 82 zimechacha kabla ya tarehe yake kuisha au zimechanganywa na mafuta mengine. Baadhi ya chupa zilizoandikwa kuwa ni parachichi tupu zilikuwa karibu zote soya. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye maabara nyingi kiasi hicho, mnunuzi wa Makambako au Uyole anahitaji pua yake zaidi, na mkulima wa Njombe anayekamua mafuta safi anahitaji wanunuzi wanaoweza kuyatambua, la sivyo atashindana kwa bei na mtu anayeuza soya.

Baada ya vikombe tulipewa viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, vikapasuliwa na kumwagiwa mafuta ya kikombe cha kwanza na chembe za chumvi. Viazi vya Njombe havihitaji msaada mkubwa, lakini vilipokea mafuta yale vizuri kuliko nilivyotazamia. Nyumbani nimeyatumia kwenye kachumbari na kwenye maharage yaliyokwisha kuiva, nikiyatia sufuria ikiwa imeshaepuliwa ili harufu ibaki. Kwa kukaangia nitaendelea na alizeti, na sioni sababu ya mtu yeyote kumwaga mafuta ya bei ile kwenye kikaango cha chipsi.

Kabla ya kuondoka tuliomba jambo moja. Chupa walizotuuzia zilikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake, na kwa yale tuliyoonja, mnunuzi anahitaji zaidi kujua mafuta yalikamuliwa lini. Binti alitueleza kwamba tarehe hiyo huandikwa kwenye kila tangi lakini haivuki kwenda kwenye lebo, akachukua daftari lake na kuandika ombi letu ili alifikishe kwa wenye kiwanda. Tumekubaliana kwamba oda ya kikundi ya msimu ujao tutaiagiza kwa sharti la tarehe hiyo.