Novemba ya Vitabu na Mvua

Mvua za Novemba zilipoanza hapa Kigoma, nilikuwa katikati ya Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambamo kijana Yusuf anatolewa na baba yake kuwa rehani ya deni na hatimaye anajikuta katika msafara wa biashara kuelekea bara. Nimeipenda zaidi pale msafara unapochoka na heshima ya Aziz, tajiri anayeuongoza, inapoanza kupungua, kwa sababu mwandishi hana haraka ya kumtetea mtu yeyote. Kusoma habari hizo karibu na Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, kuna uzito wake. Hata miembe mikongwe ya pale niliitazama upya.

Kisha nikasoma maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya kumi na tisa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Habari za pembe amezieleza kwa kirefu, lakini waliotekwa wanapita kama mizigo, na hilo lilinichosha.

Nyumbani, mvua ndiyo iliyotupangia siku. Dagaa walioanikwa mchangani ilibidi wakusanywe mbio kila wingu lilipotanda, maana wakilowa hubadilika rangi na bei huporomoka. Siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, biashara ilipoa, na shemeji yangu anayeuza dagaa alibaki nyumbani akinitaka nimsomee kwa sauti. Alimchukia yule tajiri Aziz tangu alipotajwa mara ya kwanza, na hakuna hoja yangu iliyomtoa hapo.