Aliyeumbwa Acheze Baharini

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zaburi 104, mstari wa 25 na 26: bahari kubwa na pana, merikebu zikipita, na yule mnyama mkubwa ambaye Mungu alimwumba acheze humo. Acheze tu! Hatuambiwi atatufaa nini.

Huyo huyo, yaani nyangumi, ndiye anayekutwa amekufa mchangani. Septemba 2020, nyangumi wapatao 470 walikwama kwenye ghuba ya Macquarie Harbour, katika kisiwa cha Tasmania huko Australia, na wengi wakafa. Nyangumi hupumua hewa kama sisi, kwa hiyo kinachomwua nchi kavu si kukosa pumzi. Majini alielea, ufukweni uzito wake mwenyewe unamlemea, unaponda misuli na viungo vya ndani, na lile tabaka nene la mafuta lililomkinga na baridi sasa linamchemsha. Maji yakijaa naye amelala ubavu, huweza kumwingia kwenye tundu la pua juu ya kichwa, akafa maji papo hapo ufukweni.

Wanafikaje huko? Ugonjwa, uzee, nyavu, kugongwa na meli, sumu ya mwani. Ufuo wa mchanga wenye mteremko mdogo nao huwapotezea mwangwi wanaoutegemea kujua njia. Halafu kuna kelele zetu. Machi 2000, huko Bahamas, nyangumi kadhaa walikwama baada ya manowari za Marekani kutumia mitambo ya sauti ya kusakia nyambizi, na uchunguzi wa serikali yenyewe ukaitaja mitambo hiyo kuwa chanzo.

Nimewahi kusikia wakihubiriwa kama mfano wa kundi lililofuata kiongozi kipofu. Mimi naona tunawaonea. Wanaokwama kwa wingi ni wale walioshikamana sana: mmoja akiugua, wenzake hawamwachi. Waokoaji wamemwona aliyekwisha kurudishwa majini akigeuka tena kuwafuata waliobaki mchangani, ndiyo maana hujitahidi kuwatoa pamoja. Sisi tuna wagonjwa ambao hatujawapigia hodi tangu Pasaka.

Yesu alisema hata shomoro mmoja haanguki chini Baba asipojua (Mathayo 10:29). Sidhani ujuzi huo unaishia kwa shomoro.

Tuwaombee waokoaji wanaosimama saa nyingi kwenye maji baridi, wakimfunika mnyama kwa shuka mbichi, wakiangalia wasizibe lile tundu la pumzi. Tuwaombee na wenye meli na wakuu wa majeshi, wakubali kupunguza mwendo na kelele katika njia za nyangumi.